Rezini ya meno, chai na moshi: daktari wa meno anajibu barua zenu

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinalalamikia jambo moja, nalo ni jino lililozibwa au kujengwa kwa rezini nyeupe, au meno ya bandia ya plastiki, ambayo yalitoka kwa daktari yakiwa yanapendeza na baada ya muda yakageuka rangi. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ambacho wengine wameuliza.

Daktari, shikamoo. Nimezaliwa na kukulia Arumeru, mkoani Arusha, na kama wenzangu wengi wa huko nilikua na meno ya kahawia kwa sababu ya maji. Miaka mitatu iliyopita, baada ya kudunduliza fedha kwa muda mrefu, nilikwenda kupakwa rezini kwenye meno sita ya mbele ya juu, na kwa mara ya kwanza nikacheka bila kuziba mdomo kwa kiganja. Sasa rangi yake imekuwa kama ya samli, na kwenye meno mawili, karibu na ufizi, umejitokeza mstari wa kahawia. Mimi ni mwalimu na kwa siku nakunywa chai ya rangi vikombe vitano hivi. Nimejaribu kusugua kwa unga wa mkaa na ndimu. Yaling'aa siku mbili tatu, kisha yakawa mabaya kuliko awali. Je, niliwekewa dawa bandia? Daktari mwingine ananiambia yakwanguliwe yote tuanze upya. — Mwalimu, Arusha

Marahaba, Mwalimu, na pole. Kabla ya mengine yote nakuomba usikubali bado kukwanguliwa meno hayo sita. Kila rezini inapoondolewa kwa mashine, hata mkono wa daktari uwe mwepesi namna gani, huondoka pamoja na tabaka jembamba la jino lenyewe, na jino halioti tena. Kuna kazi ndogo inayotakiwa kutangulia, na kwa maelezo yako naona hukufanyiwa: kutambua rangi hiyo imekaa wapi. Yaweza kuwa imeshika juu tu, yaweza kuwa imepenya kwenye maungio ya rezini na jino, na yaweza kuwa imezama ndani. Ukiitazama kwenye kioo cha nyumbani yote hufanana, lakini tiba zake hazifanani hata kidogo.

Kuhusu dawa bandia, sioni dalili yake. Rezini ya meno ni unga laini sana wa kioo na silika uliogandishwa pamoja kwa plastiki. Plastiki inayotumika zaidi imetokana na kemikali iitwayo Bis-GMA, ambayo Mmarekani Rafael Bowen aliipatia hataza mwaka 1962, na tangu hapo imeboreshwa sana lakini tabia yake moja haijaondoka: kioo hakinywi kitu, plastiki hunywa. Hufyonza maji ya mate kidogo kidogo, na maji hayo hupitisha chochote chenye rangi kilichomo kinywani. Hata rezini bora kabisa, iliyowekwa na fundi bora kabisa, itabadilika kidogo kadiri miaka inavyokwenda.

Jambo hili utaliona jikoni kwako. Chukua kikombe cheupe cha kauri kilicholala na masalio ya chai. Asubuhi kina duara la kahawia ndani, lakini ukilisugua kidogo linatoka lote. Sasa chukua bakuli jeupe la plastiki ambalo limewahi kuwekewa mchuzi wenye manjano, ulipeleke dirishani na kulitazama kwa karibu. Umanjano umeenea bakuli zima na hautoki kwa sabuni, na pale ambapo kijiko au sufi ya chuma imechora mikwaruzo, rangi ni nzito zaidi, kana kwamba mtu ameipigia mstari. Jino lako la asili liko karibu na kile kikombe, na rezini yako iko karibu na lile bakuli.

Kati ya vinywaji, chai na kahawa hazitendi kwa namna moja. Watafiti waliolinganisha viwili hivi kwenye rezini waligundua kwamba rangi ya chai kwa sehemu kubwa hukaa juu, kwa hiyo nyingi yake huweza kuondolewa kwa usafi, ilhali rangi za manjano zilizomo kwenye kahawa zinapatana na plastiki kwa asili yake, na hivyo hushika juu na pia huzama ndani. Divai nyekundu hupaka sana, na pombe iliyomo huilainisha plastiki ili ipokee rangi kwa urahisi. Soda nyeusi huwashangaza wengi: asidi yake ni kali na huumiza jino, lakini kwa kupaka rangi iko nyuma ya chai na kahawa. Kwa hiyo wewe uliyezoea chai ya rangi una sababu ya kutumaini kwamba sehemu kubwa ya ule usamli iko juu, mahali inapoweza kufikiwa.

Mkaa na ndimu viache leo. Najua umeambiwa na watu wanaokutakia mema, na najua kwamba siku mbili za kwanza uliona matokeo. Unga wa mkaa ni chembe zinazokwangua. Uliondoa tabaka la juu lenye rangi, jino likang'aa, lakini nyuma yake uliacha maelfu ya mikwaruzo ambayo jicho haliioni, na chai ya kesho yake ikajaa humo kama maji ya mvua kwenye mitaro. Ndimu nayo imelainisha ganda la jino pembeni ya rezini, pale pale ambapo mstari umeanza. Ndiyo maana yaligeuka kuwa mabaya kuliko awali.

Ulaini wa uso wa rezini ndio unaoamua mambo kuliko hata idadi ya vikombe, na hapa nitasema wazi jambo linalotuhusu sisi madaktari. Rezini hugandishwa kwa taa ya bluu, na katika dakika hiyo oksijeni ya hewani huzuia tabaka la juu kabisa lisigande sawasawa. Hubaki linanatanata, kama rangi ya mafuta iliyopakwa mlangoni siku ya mvua. Tabaka hilo likiachwa, hunywa rangi kuliko sehemu nyingine yoyote. Linapaswa kuondolewa kwa kung'arisha, yaani kupitisha viduara vidogo vya msasa kwa mpangilio, kuanzia ule wa chembe kubwa, kisha wa kati, kisha laini, hadi ule wa mwisho ambao ukiugusa kwa kidole huwezi kujua kama ni msasa. Kwa meno sita kazi hiyo huchukua muda, na mara nyingi hufupishwa kwa sababu foleni nje ni ndefu na mgonjwa amechoka kupanua mdomo. Unaweza kuipima mwenyewe: pitisha ncha ya ulimi kwenye jino lisilopakwa, halafu kwenye lililopakwa. Ukihisi ukwaruzo, kazi haikwisha. Basi mwombe daktari wako aondoe ukoga na ang'arishe upya meno yote sita, halafu mtazame pamoja rangi iliyobaki.

Ule mstari karibu na ufizi una asili nyingine. Rezini inapoganda husinyaa, kwa kawaida kwa asilimia 2 hadi 3 ya ujazo wake, na msinyao huo huvuta kingo. Isitoshe, jino lililoathiriwa na floraidi, yaani yale madini yaliyo mengi kwenye maji ya kwenu, lina tabaka la nje lisilokubali kwa urahisi ile asidi tunayopaka ili rezini ishike, kwa hiyo mshiko wake waweza kuwa dhaifu kuliko kwenye jino la mtu aliyekulia kwingine. Panapotokea mwanya mwembamba kama unywele, chai na masalio ya chakula hupenya na kuacha mstari. Mstari peke yake hauna maana kwamba jino limeoza. Daktari auchunguze kwa chombo chake, na kama ni wa juujuu aung'arishe. Kama umeingia, aondoe kipande hicho tu cha ukingo na kutia kiraka. Kiraka kwenye rezini ni tiba halali kabisa na huokoa jino.

Na kama baada ya hayo yote usamli utabaki, umeenea sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, hapo ndipo rangi imezama ndani. Hata wakati huo inawezekana kupunguza tabaka jembamba la mbele la rezini yenyewe na kupaka jipya juu yake, pasipo mashine kugusa jino. Kukwangua hadi kwenye jino kuwe hatua ya mwisho, na ukiambiwa kwamba imefika, muulize daktari kwa upole kwa nini kung'arisha au kutia kiraka hakufai. Ni haki yako kupewa jibu.

Niruhusu nitoke kidogo nje ya swali, kwa ajili ya watoto wa huko kwenu. Floraidi nyingi kwenye maji huharibu jino wakati linapojengeka ndani ya taya, katika miaka minane hivi ya mwanzo. Jino huchomoza likiwa na ganda lenye vitundu vidogo, na ule ukahawia mwingi uliouona utotoni ulifyonzwa baadaye, jino likiwa tayari kinywani. Maji unayokunywa sasa hayawezi kukuongezea ugonjwa huo kwenye meno. Ya watoto wadogo ndiyo ya kuangaliwa, na kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri maji yasikizidi ni miligramu 1.5 kwa lita.

Sikukatazi chai. Naomba tu uinywe ukaimaliza, badala ya kuiweka mezani na kuonja tone kwa tone toka kengele ya kwanza hadi ya mwisho, maana muda ambao rangi inakaa kinywani una uzito kuliko wingi wake. Kisha sukutua kwa maji. Ukipenda maziwa, tia, kwa sababu protini yake hushikana na tanini, ile kemikali ya chai yenye kupaka rangi, na kupunguza kupaka. Mswaki uwe laini, asubuhi na kabla ya kulala.

Assalaam alaykum, Daktari. Mimi ni kijana wa miaka 29, nafanya kazi Maskati. Jino langu moja la mbele lilikatika kwenye mpira nikajengewa kwa rezini. Navuta sigara kama kumi kwa siku, na kahawa huku haikatiki. Jino hilo sasa limekuwa jeusi kuliko wenzake. Rafiki zangu wanasema nihamie shisha peke yake, kwa kuwa moshi wake umechujwa na maji. Je, litarudi rangi yake? — Kijana, Maskati

Waalaykum salaam, kijana wangu. Halitarudi, na maji ya shisha hayachuji unachodhani yanachuja. Yanaupoza moshi tu, kwa hiyo koo haliwashi na mtu huvuta zaidi, tena kwa kikao kinachoweza kufika saa nzima. Lami ya tumbaku huja nao, pamoja na gesi ya sumu itokayo kwenye makaa.

Moshi hupaka kwa njia mbili. Lami ni chembe ndogo mno za kunata zinazokaa popote zinapotua, na hupenda palipo na ukwaruzo. Nikotini yenyewe haina rangi, ila ikikutana na oksijeni hugeuka manjano na kisha kahawia, na ndiyo sababu kidole cha shahada na cha kati cha mvutaji wa miaka mingi huwa na rangi ile isiyotoka kwa sabuni. Chukua kioo kidogo na taa ya simu, utazame upande wa ndani wa meno yako ya mbele ya chini, unaoelekea ulimini. Natarajia utakuta weusi mzito kuliko ulio mbele. Huko ndiko moshi unakotua, na mswaki hufika kwa nadra. Kahawa inapoongezeka juu ya moshi, rezini hupokea mzigo wa vyote viwili.

Nenda ukang'arishwe sasa, usingoje. Lakini usigharimie kujengewa upya kabla hujaacha kuvuta, kwa sababu rezini mpya itakwenda njia ile ile, nawe utakuwa umepoteza fedha pamoja na sehemu ya jino. Ukishaacha, ukaona bado rangi imezama, lijengwe upya, na umkumbushe daktari achague rangi mwanzo kabisa, jino likiwa bado na mate. Jino lililokaukiwa kwa kuachwa wazi huonekana jeupe kuliko lilivyo, na rezini iliyolinganishwa nalo wakati huo itakuwa nyeupe kupita kiasi siku ya pili. Nakuomba pia jambo lisilohusu rangi: ukiona kidonda au baka jeupe au jekundu mdomoni lisilopona kwa wiki mbili, muone daktari mara moja.

Mwanangu Daktari, hujambo? Nina miaka 71, niko Lamu, na nina meno ya bandia ya juu yote na kipande cha chini chenye vishikio vya chuma. Jioni tunakaa barazani kwa kahawa tungu, na mara moja moja natafuna tambuu. Meno yamepiga wekundu na weusi. Nayasugua kwa dawa ya meno na mswaki mgumu bila mafanikio. Mjukuu wangu anasema niyachemshe au niyatie dawa ya kupaushia nguo. — Mzee wa barazani, Lamu

Shikamoo, Mzee wangu. Mjukuu ana nia njema, ila mzuie. Meno yako yametengenezwa kwa akriliki, plastiki iliyoanza kutumika kwa meno ya bandia mwaka 1937. Ukiichemsha hupinda, na ikishapinda haitakaa tena kwenye ufizi kama ilivyokuwa. Dawa ya kupaushia nguo ikiwa kali itapausha uwaridi wa ufizi wa bandia na kula vile vishikio vya chuma. Hata dawa ya meno uiache: imetengenezewa jino, ambalo ni gumu kuliko akriliki, na kwenye plastiki hufanya kazi ya msasa.

Jaza maji kwenye beseni, uyasafishe juu yake ili yakiponyoka yasivunjike, kwa mswaki laini na sabuni ya kawaida ya maji. Usiku yalaze kwenye kikombe cha maji baridi, yasikauke. Kwa rangi iliyokwisha kushika, yarudishe kwa fundi wa meno. Kwa mashine yake ya kung'arisha hiyo si kazi kubwa, na utaona tofauti siku hiyo hiyo. Kama kipande cha chini kimewahi kuungwa baada ya kuvunjika, tazama kama weusi umejikusanya kwenye mwungo. Akriliki ya kuungia, inayoganda bila moto, ina vitundu vingi kuliko ile iliyopikwa, na hunywa rangi mapema zaidi.

Kahawa tungu inywe pamoja na wenzako, kisha usukutue. Kwa tambuu nakusihi uiache. Popoo inayotiwa ndani yake, hata bila tumbaku, imethibitishwa kuwa inasababisha saratani ya kinywa, na hilo linanisumbua kuliko wekundu wa meno.

Daktari, nafunga ndoa baada ya wiki sita. Jino langu moja la mbele lina rezini ya zamani yenye umanjano, na meno mengine si meupe sana. Naweza kutumia dawa ya kupausha meno yote kwa pamoja? Halafu fizi zinanitoka damu, na nimepewa dawa ya kusukutua yenye klorheksidini. — Bibi harusi mtarajiwa, Tanga

Hongera sana, binti yangu. Dawa ya kupausha hufanya kazi kwenye jino la asili, na rezini haibadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Ukipausha bila mpango, jino lenye rezini litabaki nyuma na umanjano wake utaonekana zaidi. Tibu fizi kwanza, kwa kuondolewa ukoga na daktari, kisha upaushe chini ya uangalizi wake, halafu ungoje wiki mbili, ndipo rezini ibadilishwe ili ilingane na weupe mpya. Kungoja huko ni kwa sababu oksijeni inayobaki ndani ya jino baada ya kupausha huidhoofisha rezini mpya isishike. Wiki sita zinatosha iwapo utaanza wiki hii. Ukichelewa, ng'arisha tu lile jino na uache mengine hadi baada ya arusi.

Klorheksidini ni dawa nzuri ya fizi, lakini itumie kwa siku ulizoandikiwa tu. Hupaka meno na rezini rangi ya kahawia, hasa ikifuatiwa na chai au kahawa, basi tenganisha vitu hivyo kwa saa kadhaa.

Daktari, mwanangu wa miaka tisa amezibwa jino kwa rezini leo asubuhi, na nyumbani tuna sharubati ya choya. Je, anaweza kunywa? — Mama, Morogoro

Mama, mpe kesho jioni au keshokutwa. Rezini hupata ugumu wake mwingi pale pale chini ya taa, lakini huendelea kukomaa kwa takriban siku nzima, na wekundu wa choya ni mkali. Leo mpe maji, maziwa au uji mweupe, na pilau yenye manjano isubiri pia.